Mgombea Mwenza Si Mahari

Mei 16, 2022, Raila Odinga alisimama KICC jijini Nairobi akamtaja Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake. Siku hiyo nilikuwa Kianyaga, dukani kwa mama, nikimsaidia kupima mchele. Redio ilikuwa juu. Mteja mmoja, mama wa makamo, alipiga vigelegele palepale kaunta. Vijana wa boda nje wakaanza kubishana, huyu akisema mambo yamebadilika, yule akisema hakuna kitu.

Nikamgeukia mama. "Sasa huyu si wenu kabisa? Si umekuwa ukimpigia kura tangu 1992?"

Mama alimaliza kufunga mfuko wa kilo mbili kabla ya kunijibu. "Martha simkatai. Lakini wewe umewahi kuona mtu akiolewa na msimamizi wa arusi?"

Nilicheka. Mteja naye akacheka, ingawa yeye alikuwa amepiga vigelegele. Miezi mitatu baadaye Kirinyaga ilimpa William Ruto kura kwa wingi mkubwa, na binti yao akashindwa nyumbani kwake. Kwenye runinga wachambuzi walishangaa. Mimi sikushangaa. Nilikuwa nimeelezwa dukani, bure, juu ya mizani.

Naandika haya kwa sababu wimbo umeanza tena. Tunaelekea 2027 na kila jioni kuna kigogo mbele ya kamera akisema jamii yake haitapigia mtu kura kama haitapewa nafasi ya mgombea mwenza. Ati ni lazima atoke kwetu. Ati bila hivyo tutakaa nje ya serikali. Wanasema kwa uhakika wa mzazi anayepanga mahari: leteni kiti cha naibu wa rais, nasi tutawapa kura milioni kadhaa. Sisi tunaotajwa kama kura milioni kadhaa tumekaa sebuleni, tunasikiliza bei yetu.

Msimamo wangu ni huu. Mgombea mwenza wa Kenya haleti kura anazodaiwa kuleta. Wanaotuambia analeta wanajua hivyo, ama wangejua kama wangesoma matokeo ya kura zao wenyewe. Na sisi tunaporudia uongo huo, tunaharibu kitu muhimu tulichokipata katika Katiba ya 2010.

Tuanze na matokeo. Uchaguzi wa Agosti 9, 2022 ulitupa jaribio ambalo hata mwalimu wa sayansi asingelipanga vizuri zaidi.

Upande mmoja kuna Kirinyaga. Mgombea mwenza wa Azimio ametoka hapo. Si mgeni: alikuwa mbunge wa Gichugu kwa miaka zaidi ya ishirini, akawa waziri wa haki, akajiuzulu mwaka 2009 badala ya kukaa kwenye kiti asichoruhusiwa kukifanyia kazi. Kama kuna mgombea mwenza aliyestahili kubeba kaunti yake mgongoni, ni yeye. Kaunti ikakataa kubebwa.

Upande wa pili kuna Ukambani. Kalonzo Musyoka alikuwa mgombea mwenza wa Raila mwaka 2013, na tena 2017. Mwaka 2022 alitaka nafasi ile ile, akafikishwa mbele ya jopo kuhojiwa kama mtu aliyetuma barua ya kuomba kazi, yeye aliyekuwa makamu wa rais wa nchi hii kwa miaka mitano. Alipokosa, alitangaza siku hiyo hiyo kwamba atagombea urais mwenyewe. Wiki mbili na ushei baadaye alirudi Azimio. Kwa hesabu ya mahari, Ukambani ingepaswa kununa. Haikununa. Machakos, Kitui na Makueni zote tatu zilimpa Raila ushindi.

Yaani waliopewa mgombea mwenza walikataa, na walionyimwa wakakubali. Sasa niambie hiyo hesabu ya mahari inafanya kazi wapi.

Utasema: na Gachagua je? Si ndiye aliyeleta Mlima? Hapa ndipo watu hupenda kusahau kalenda. Rigathi Gachagua alitajwa kuwa mgombea mwenza Mei 15, 2022. Lakini katika uchaguzi mdogo wa Kiambaa wa Julai 2021, takriban miezi kumi kabla, chama cha UDA kilikuwa tayari kimekishinda chama cha Jubilee, chama cha rais aliyekuwa madarakani, katika kaunti ya nyumbani kwa rais huyo. Mlima ulikuwa umeshahama na godoro lake. Wilbaro ilikuwa imefika hadi kwenye kaunta ya mama. Gachagua, mbunge wa muhula mmoja kutoka Mathira, alikuta gari likienda akapanda kiti cha mbele. Simlaumu kwa kupanda. Ninachokataa ni kuambiwa ndiye aliyelisukuma.

Na kama angekuwa ametajwa Kithure Kindiki siku ile, kama wengi walivyotarajia? Mlima ungekuwa pale pale. Watu walikuwa wamekasirishwa na bei ya unga, na biashara zilizokufa wakati wa korona, na kuambiwa na rais wao wampigie mtu ambaye rais huyo huyo alikuwa amewafundisha kwa miaka kumi wamwogope. Hasira hiyo haikuhitaji mgombea mwenza. Ilihitaji debe tu.

Lazima niwe mkweli, kwa sababu upande wa pili una hoja zake, na baadhi si za kudharau.

Hoja ya kwanza ni 2013. Uhuru Kenyatta alimchukua William Ruto, na kura za Bonde la Ufa na za Mlima zikaingia kapu moja, miaka mitano tu baada ya jamii hizo kuchinjana. Bila Ruto, Uhuru asingefika asilimia 50.07 na kuukwepa mzunguko wa pili. Nakubali. Lakini Ruto wa 2013 hakuja kama mgombea mwenza aliyechaguliwa na mtu. Alikuja na chama chake cha URP, wagombea wake, pesa zake na watu ambao walikuwa wake tayari. Ule ulikuwa muungano wa vyama viwili, kila kimoja na wenyewe, na kiti cha naibu wa rais kilikuwa risiti ya makubaliano. Anayeleta kura ni yule aliye nazo kabla hajateuliwa. Uteuzi haumpi mtu wafuasi, kama vile suti mpya haimpi mtu mshahara.

Hoja ya pili ni kwamba Raila alipata kura nyingi zaidi Mlimani mwaka 2022 kuliko mwaka 2017. Ni kweli, na sitaki kumnyima Karua sehemu yake. Wapo waliompigia Raila kwa sababu yake. Yule mteja aliyepiga vigelegele huenda alikuwa mmoja wao. Lakini mwaka 2017 Raila alikuwa akishindana na Uhuru, mtoto wa hapo. Mwaka 2022 Uhuru huyo huyo alikuwa akimpigia debe, pamoja na magavana, machifu na matajiri. Ukitoa yote hayo, kilichobaki kwa mgombea mwenza ni kidogo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Ruto alipata kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Katika mbio za karibu namna hiyo, mtu anaweza kusema hata kidogo kinatosha. Labda mgombea mwenza haamishi kaunti, lakini anaweza kumtoa mtu kitandani asubuhi ya kura, ama kumwacha alale. Na ni kweli watu wengi walilala: idadi ya waliojitokeza ilishuka hadi takriban asilimia 65, kutoka zaidi ya asilimia 75 mwaka 2017. Hapa nitakubali nusu. Mgombea mwenza anaweza kuwachangamsha waliokwisha kuamua. Anaweza kuwatuliza wenye wasiwasi. Anaweza pia, akiteuliwa vibaya, kumkera mtu aliyekuwa tayari kuja. Lakini hiyo ni kazi ya kumwagilia shamba lililopandwa. Hawa vigogo wanatuuzia maji kama mbegu.

Basi kama kura hazifuati, kwa nini kila baada ya miaka mitano nchi nzima husimama kusubiri jina la mgombea mwenza kama matokeo ya mtihani wa kitaifa?

Kwa sababu kuna mtu anayefaidika, na si mpiga kura. Kigogo anayesema "jamii yangu inataka mgombea mwenza" anamaanisha "mimi nataka". Jamii ndiyo nguo anayovaa kwenda kuomba. Akipata, jamii inaambiwa imepata. Akikosa, jamii inaambiwa imetukanwa. Mama yangu hajawahi kupata chochote Ikulu, iwe jirani yake ameingia au hajaingia. Lakini amewahi kuambiwa ametukanwa, tena mara nyingi, na wanaume waliokuja kumwambia hivyo kwa magari ambayo tairi moja lake linazidi mtaji wa duka lake.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya 2010, makamu wa rais alikuwa mtu wa rais, basi. Rais alimteua, rais alimtupa. Jaramogi Oginga Odinga aliondoka 1966 baada ya kuminywa hadi akakosa hewa. Chini ya Moi, Mwai Kibaki alishushwa cheo 1988, Josephat Karanja akadumu muda mfupi tu akafukuzwa 1989 kwa kelele bungeni. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi aliacha kiti kikiwa wazi kwa zaidi ya mwaka mzima, kisha akamrudisha George Saitoti aliyekuwa amekikalia hapo awali. Kiti kilikuwa cha kumnyoosha mtu adabu.

Tulipoandika katiba mpya tulisema hapana. Kifungu cha 148 kinasema kila mgombea urais atamteua mtu mwenye sifa za kuwa rais, awe mgombea wa unaibu, na wawili hao wanaingia debeni pamoja. Soma tena: mwenye sifa za kuwa rais. Haikuandikwa mwenye kura za eneo fulani. Na Kifungu cha 146 kinaeleza sababu. Kiti cha rais kikiwa wazi, naibu anaapishwa kuwa rais kwa muda uliosalia. Hakuna uchaguzi mwingine. Hakuna kuulizwa tena. Unapompigia mmoja umeshampigia wa pili, ukitaka usitake.

Hili si jambo la vitabuni. Hapo jirani, Tanzania, Samia Suluhu Hassan aliingia uchaguzi wa 2015 na wa 2020 akiwa mgombea mwenza wa John Magufuli. Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Siku mbili baadaye Samia aliapishwa kuwa rais wa nchi nzima, miezi michache tu baada ya muhula wa miaka mitano kuanza. Nani kati ya waliompigia Magufuli kura alikaa akajiuliza kama anamtaka Samia kwa miaka mitano? Huenda wengine walijiuliza. Wengi nadhani waliona jina la pili kama sisi tunavyoliona: pambo la kusawazisha picha, huyu wa bara, yule wa visiwani.

Sisi pia tulikuwa na swali zuri mwaka 2022, tukaliacha lipite. Kati ya tiketi nne zilizokuwa debeni, tatu zilikuwa na mwanamke kama mgombea mwenza. Julai 19 Karua na Gachagua walisimama uso kwa uso katika mdahalo, nchi ikitazama. Ilikuwa nafasi ya kuuliza: kati ya hawa wawili, yupi nikiamka Jumatano asubuhi nikakuta ndiye rais, nitalala usingizi Jumatano usiku? Kwenye base ya boda ya Kianyaga kesho yake walijadili nani ametoa maneno makali zaidi. Mmoja alisema Martha ameongea vizuri, "lakini mwanamke ni mwanamke." Nilisubiri amalizie sentensi. Ilikuwa imeisha.

Hapo ndipo hesabu ya mahari inapoumiza wanawake zaidi. Mwanamke anawekwa kwenye tiketi, anaambiwa alete kura za wanawake na za eneo lake, kana kwamba wanawake ni kaunti ya arobaini na nane. Zisipokuja, wanasema: mnaona, tuliwapa nafasi, wanawake hawapendani. Hakuna anayesema kwamba aliyekuwa juu ya tiketi ndiye aliyekataliwa. Mama yangu hakumkataa Martha. Alimkataa aliyemleta, na alisema hivyo waziwazi. Lakini kwenye vitabu vya wanasiasa, deni limeandikwa kwa jina la mwanamke. Safari ijayo binti mwingine akitajwa, watalitoa deni hilo mezani.

Na sasa tuje kwa Gachagua, maana hadithi yake ndiyo ushahidi wangu wa mwisho, tena mchungu.

Huyu aliichukua hesabu ya mahari akaisema kwa sauti. Alisema serikali ni kama kampuni yenye wanahisa, na waliowekeza kura nyingi watavuna kwanza. Watu walikasirika, na wakawa na haki. Lakini tuulizane: alibuni yeye? Hicho ndicho kila kigogo anachoamini tangu tupate uhuru. Kosa la Gachagua lilikuwa kusoma katiba ya siri kwenye kipaza sauti. Maneno hayo ya hisa yalikuwa miongoni mwa mashtaka dhidi yake. Oktoba 8, 2024, wabunge 281 walipiga kura kumng'oa, 44 wakapinga. Oktoba 17 Seneti ikamaliza kazi. Siku kumi haziishi. Mtu aliyeingia ofisini kwa zaidi ya kura milioni saba alitolewa na watu ambao ungeweza kuwapakia kwenye mabasi kadhaa. Na Novemba 1 akaapishwa Kindiki, yule yule aliyeachwa nje Mei 2022, naye wa Mlima, upande wa mashariki. Hesabu haikubadilika. Walibadilisha tu jina kwenye hisa.

Simtetei. Kama alistahili kutoka au la, hilo ni la mahakama na la dhamiri ya kila mmoja. Ninachosema ni kwamba kama kweli kiti kile kilikuwa mahari ya Mlima, basi mlipaji aliweza kuja usiku akachukua ng'ombe mmoja na kuacha mwingine, na aliyeitwa bibi arusi hakuulizwa mara zote mbili. Siku ile ndipo mama aliponipigia simu. Alikuwa na hasira ambayo sikuisikia hata siku ya matokeo. "Mimi huyo Riggy sikumpenda sana," alisema. "Lakini alikuwa ndani ya kura yangu."

Hilo neno limekaa nami. Alikuwa ndani ya kura yangu. Mwaka 2022 msimamizi wa arusi hakumhusu. Mwaka 2024 kumbe alikuwa wa nyumbani. Unaweza kusema mama anajipinga. Mimi naona amegundua kitu ambacho wanasiasa wetu hawajagundua: kumpa mtu kiti hakukuongezei upendo mwingi, lakini kumnyang'anya kunakupunguzia kwa kasi. Mgombea mwenza hakuongeza kura za Mlima kwa kiasi kinachoonekana. Kuondolewa kwake kumezipunguza, na yeyote anayetembea sokoni Kianyaga ama Karatina atakuambia bila kuhitaji kura ya maoni. Zawadi huzoeleka upesi. Dharau watu huitunza kabatini.

Kwa hivyo kwa wanaopanga tiketi za 2027, ushauri wangu ni mfupi. Acheni kutafuta mtu wa kuwaletea eneo. Hakuna mtu mwenye eneo mfukoni. Hayati Raila alipewa Karua na hakupewa Kirinyaga, na alimnyima Kalonzo na akapewa Ukambani. Tafuteni mtu ambaye mkifa leo, Mungu apishe mbali, hatutalia mara mbili.

Na kwetu sisi wapiga kura, ni mfupi zaidi. Kigogo akija kusema "tumepewa" au "tumenyimwa", tumuulize: tumepewa nini? Barabara? Bei ya kahawa? Dawa kwenye zahanati? Kama jibu ni jina la mtu, tumwambie aende salama. Kisha tukae tulitazame jina la pili kwenye kila tiketi kama tunavyolitazama la kwanza, tena kwa jicho kali zaidi, kwa sababu la kwanza linatuomba kura na la pili linaingia nalo bila kubisha hodi. Uliza maswali mawili tu. Huyu anaweza kuwa rais? Na rais akikosea, huyu ana uti wa mgongo wa kumwambia?

Wiki iliyopita nilimuuliza mama atampigia nani. Alinitazama kama mteja aliyeomba mchele kwa deni.

"Wewe niambie kwanza," alisema, "akianguka huyo wa juu, nitabaki na nani?"

Miaka mitano iliyopita hakuuliza hivyo. Mimi pia sikuuliza. Sasa tumeanza, wawili, kwenye kaunta moja ya Kianyaga.